Mtoro wa Kikosi cha Mizinga

Mifupa ilikuwa imelala ubavu, kama mtu aliyejinyoosha kidogo akapitiwa na usingizi. Wajenzi walikuwa wakivunja sakafu ya banda la zamani la farasi ili wapitishe mabomba ya fleti mpya, na chini ya zege, kwenye udongo mkavu kama unga, wakamkuta. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya shavu.

Inspekta Ingegerd Malm alichuchumaa ukingoni mwa shimo akamtazama. Nje, miti mirefu ya uwanja wa gwaride ilikuwa imechanua na nyuki wakivuma ndani yake. Joto la Julai lilikuwa limeulaza mji mzima wa Hjortsjö. Hata sauti za wajenzi waliokaa kivulini zilimfikia kwa mbali, utadhani zinapita majini kwanza.

Daktari wa maiti, aliyeletwa kutoka makao makuu ya jimbo, alinong'ona kana kwamba anaogopa kumwamsha.

"Mwanamume. Umri kama miaka ishirini. Jino moja limezibwa, kwa hiyo si mtu wa kale. Na hapa ubavuni, unaona mfupa ulivyovunjika? Risasi."

"Na miguuni?"

"Hana kitu. Mkanda anao, vifungo vya koti la jeshi vipo. Lakini buti, hata msumari wa soli sijauona."

"Basi hayo mawili, risasi na miguu mitupu, tuyajue mimi na wewe tu," alisema Malm. "Wengine waambiwe ni mifupa. Basi."

Alipoinuka alimwona mzee amesimama mlangoni, kofia mkononi. Huyo alikuwa Holger Tranberg, sajini meja mstaafu. Hjortsjö nzima hapakuwa na mtu aliyekijua kikosi cha mizinga kama yeye. Aliingia akiwa kuruta, akatoka na mvi. Miaka mitatu nyuma, Bunge lilipoamua kukivunja kikosi, bendera ikashushwa na kambi ikauzwa kwa wajenzi, Holger ndiye aliyeachiwa ufunguo wa chumba kimoja ghorofani walimohifadhi picha, hatamu na ngoma za gwaride.

"Inspekta, hapa vumbi litakuua," alisema. "Panda juu, nina kahawa."

Chumba kile kilinukia nta na ngozi kuukuu. Kutoka ukutani, wanajeshi wa miaka mingi waliwatazama, wote na masharubu yaleyale. Holger alimimina kahawa, akasogeza sahani ya maandazi ya iliki.

"Niambie habari za kikosi," alisema Malm. "Anzia unapopenda."

"Kilianza zama za wafalme wenye nywele za bandia. Kila mzinga ulikokotwa na farasi sita. Tulipigana Finland, tukapigwa. Baada ya hapo tukafanya mazoezi."

"Mazoezi tu?"

"Mazoezi tu." Mzee alicheka kidogo. "Wakati wa vita kuu ya pili tulikaa mpakani kumngoja adui. Hakuja. Tukarudi tukawasugua farasi. Kisha farasi nao wakaondolewa, yakaja matrekta ya kuvuta mizinga."

"Lini?"

"Vuli ile nilipokuwa kuruta. Farasi wazima walipigwa mnada, wabovu wakapangiwa machinjioni. Banda likamwagwa zege ili matrekta yapate pa kusimama."

"Kwa hiyo huyu wa shimoni aliwekwa pale kabla ya zege."

"Zamani sana kabla yake. Mji huu uliwahi kuingiliwa na kipindupindu, babu wa babu zetu hawajazaliwa. Watu walizikwa popote palipochimbika."

Malm alikoroga kahawa yake taratibu. Watu wa kipindupindu hawakuwa na meno yaliyozibwa, na mtu aliyeishi na historia ya kikosi maisha yake yote angeuliza kwanza vifungo vile ni vya koti la mwaka gani. Holger hakuuliza.

"Nasikia vuli hiyohiyo kuna kuruta alitoroka," alisema Malm.

"Valter Brodd. Aliiba farasi, akakimbilia Norway. Muulize yeyote."

"Ulimjua?"

"Yeye kitanda cha juu, mimi cha chini." Holger aligeukia dirisha. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua, halina hata wimbi, na ng'ambo ya pili ilionekana kama imechorwa juu ya maziwa. Alilitazama mpaka Malm akadhani mzee amesinzia. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mtu anayesema ndotoni: "Na buti zake mmezipata?"

"Za nani?"

"Za... huyo wa shimoni."

"Bado tunachimba," alisema Malm, akachukua andazi la pili.

Alishuka ngazi kwa hatua za polepole. Amefanya kazi hii muda wa kutosha kujua watu huuliza nini wakisikia mifupa imefukuliwa. Huuliza ni nani. Huuliza alikufaje. Hajapata kumsikia mtu akiulizia viatu.

Kituoni, mkuu wake, Kamishna Sixten Hallgren, alikuwa amevua koti na kuweka miguu mbele ya feni.

"Ingegerd, sikiliza. Hata kama ni mauaji, yameshapitwa na muda kisheria. Hakuna wa kumfunga. Andika mtu asiyejulikana, twende tukale samaki."

"Yuko mtu kwenye benchi pale nje anayedhani anamjua."

"Nani?"

"Signe Brodd."

Hallgren akapumua. "Ah. Dada wa mtoro."

Ndivyo mji ulivyomwita, na alikuwa amepita sabini. Signe alikuja kwa teksi kutoka nyumba ya wazee, amevaa gauni la kanisani, mkoba magotini. Hakulia wala hakuomba.

"Ni Valter?" aliuliza.

"Sijui bado."

"Basi nikusaidie kujua. Walipokuja kutuambia ametoroka, baba yangu aliwaamini. Toka siku ile hakukanyaga kanisa, hakukanyaga sokoni, mpaka tulipomzika. Mimi sikuwaamini. Valter asingeondoka bila kuniaga. Yule hata akienda chooni alikuwa lazima aseme anakwenda."

Malm alishindwa kuzuia tabasamu, na Signe naye akatabasamu, mara moja tu.

"Na farasi?" aliuliza Malm.

"Freja. Alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, kwa hiyo alipangiwa machinjioni. Jumapili ile ya mwisho Valter alikuja nyumbani akanililia hapa, begani. Mwanajeshi mzima! Nikamwambia, mjinga wewe, ni farasi tu." Alifungua mkoba, akaufunga tena. "Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Kama ni yeye, niambie nikiwa bado na akili zangu."

Baada ya mama yule kuondoka, Malm alisimama mbele ya ramani ya ukutani. Kila mtu alisema Norway. Lakini Norway ilikuwa mbali, misitu mitupu, na farasi anayechechemea hafiki Norway. Kijana anayetaka kumwokoa farasi mgonjwa haendi mbali. Anakwenda karibu, mahali ambapo hakuna atakayefikiria. Kidole chake kilitoka kambini, kikavuka rangi ya buluu, kikatua ng'ambo. Pale palikuwa na shamba moja tu.

Kesho yake asubuhi akalizunguka ziwa kwa gari. Ukungu ulikuwa bado haujanyanyuka, na ng'ombe walitokeza ndani yake kichwa kwanza, kisha miguu, kama wanaumbwa palepale. Mwenye shamba, Majken Dahlgård, mwanamke mnene anayekaribia sitini, alikuwa barazani akimenya viazi.

"Kama umekuja kwa habari ya lile trekta kutokuwa na taa, mwulize mume wangu," alisema.

"Nimekuja kwa habari ya farasi."

"Hatuna farasi."

"Wa zamani. Ulipokuwa mtoto."

Kisu kilisimama. Majken alimtazama kwa muda, kisha akafuta mikono kwenye aproni.

"Alikuwepo. Baba alimnunua kwenye mnada wa jeshi. Alichechemea kidogo, lakini alivuta majani yetu mpaka uzee wake. Mbona unauliza?"

"Alikuwa anaitwaje?"

"Baba alimwita Bibi Harusi, kwa sababu alikuja kwetu kama aliyetoka kuogeshwa, ameloa..." Alinyamaza. Uso ulimbadilika, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. "Ameloa. Hivi kweli, nani alinunuliwa mnadani akaletwa ameloa?"

Malm akakaa kwenye ngazi ya baraza. Alikuwa amejifunza kwamba kumbukumbu nyingine ni kama paka, ukiziita haziji.

"Nina ndoto moja," alisema Majken. "Watoto wangu hunicheka nikiisimulia. Niko mdogo, nimeamka kabla ya wote, nimesimama pale kwenye mawe na gauni la kulalia. Ziwa lote ni ukungu. Kisha kichwa cha farasi kinatoka. Kichwa peke yake, kinaelea, kinapumua kwa kishindo. Halafu shingo. Shingoni amevishwa buti mbili zimefungwa kwa kamba zake. Anatoka majini, anajikung'uta, maji yananirukia mpaka usoni. Na nyuma yake kuna mtumbwi, na kijana."

"Kijana wa namna gani?"

"Wa jeshi. Amekunja suruali, miguu mitupu. Anacheka. Anajiwekea kidole mdomoni hivi, nisiseme. Anamfunga farasi kwenye uzio wetu, anamwegemezea paji la uso, wanakaa hivyo wawili. Halafu anaingia tena mtumbwini, anapiga makasia, ukungu unammeza. Buti kazisahau. Nataka kumwita, sauti haitoki." Alishusha pumzi. "Nilipomwambia baba, akasema, Majken, umeota. Akaniambia mara nyingi mpaka ikawa ndoto."

"Alirudi upande gani?"

"Upande wa kambi. Wapi tena? Ndiko makasia yalikosikika."

"Na baba yako hakusema kitu, hata alipoambiwa kijana huyo ametoroka?"

"Angesema nini? Alikuwa na mali ya jeshi zizini. Na kama jeshi lenyewe linasema kijana yuko Norway, yeye ni nani abishe? Pengine aliona heri, wote wawili wamepona."

"Majken," alisema Malm kwa upole, "baba yako alikuwa mtu wa kutupa buti nzima?"

Majken akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Baba? Baba hakutupa hata misumari iliyopinda."

Walizikuta darini, juu ya ghala la majani, nyuma ya magunia na kitanda kibovu cha mtoto. Zilikuwa zimekauka na kujikunja kama majani ya vuli, ila ndani ya shingo ya kila buti muhuri wa kikosi ulikuwa bado unasomeka, na chini yake herufi mbili zilizochomwa kwa msumari wa moto: V. B.

Mchana Malm alipanda tena ngazi za chumba cha historia. Holger alikuwa anapangusa ngoma. Malm hakumsalimia. Aliweka buti mezani, akavuta kiti.

Mzee alizitazama. Kitambaa kilimdondoka. Alinyoosha mkono, akaigusa moja kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima kama chuma bado ni moto.

"Zilikuwa wapi?"

"Ng'ambo. Zilivuka na farasi."

"Na farasi?"

"Aliishi mpaka akazeeka."

Holger alikaa chini kwa kishindo. "Nilizitafuta ufukweni kila siku," alisema. "Nilitaka tu azikwe na buti zake. Udongo wa pale ni baridi."

"Ulikuwa zamu ya ulinzi asubuhi ile."

"Ndiyo."

"Niambie."

Nje, watoto waliokuwa wanaogelea walipiga kelele, kisha kelele ikafifia. Holger alisema akiitazama meza.

"Wiki hiyo bunduki mbili ziliibwa ghalani. Luteni wetu, Ehrenstam, akatuambia, mtu asiyejibu mara ya tatu, piga. Mimi nina miaka ishirini. Ukungu ulikuwa mzito, gati lenyewe silioni. Nikasikia makasia. Nikaita, nani hapo? Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikaita mara ya tatu, na safari hii nikajibiwa." Akaigusa tena ile buti. "Alilia kama farasi."

"Alilia kama farasi?"

"Ndivyo tulivyofanya tukirudi kwa kuruka ukuta. Aliye nje analia kama farasi, na aliye ndani akimjibu vivyo hivyo, anajua njia nyeupe. Ulikuwa utani wetu sisi wawili. Hakuna mwingine aliyeujua. Nilimtambua, Inspekta. Nilimtambua Valter, na kidole kilikuwa kimeshavuta."

"Na luteni?" aliuliza Malm.

"Ehrenstam alikuja mbio. Alinikuta nimemshika majini. Akasema, Tranberg, ukisema, utaoza gerezani, na mimi pia. Akasema kwa kuwa farasi hayupo, kila mtu ataamini ametoroka naye. Zege lilikuwa limwagwe siku ileile. Nilimlaza mimi mwenyewe. Nilimwekea mkono chini ya shavu, maana ndivyo alivyozoea kulala." Alijifuta uso kwa kiganja. "Wenzangu walimaliza muda wao wakaenda zao. Mimi nikajiandikisha kubaki. Kila matrekta yalipoingia nilikuwa pale. Watu walisema, Holger anakipenda kikosi kupita kiasi. Kikosi! Kikosi kilichongoja adui karne nzima, na mimi nikamuua yule pekee aliyenichekesha."

"Luteni Ehrenstam yuko wapi?"

"Alikufa kanali. Nilibeba jeneza lake."

Malm alisimama. "Sheria haina tena cha kukufanya."

"Najua. Nilisubiri siku hiyo ifike, nikidhani nitalala. Sikulala."

"Chukua kofia yako."

"Twende wapi?"

"Kwa mtu ambaye sheria haijamalizana naye."

Holger alitazama buti, akatazama mlango. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kwelikweli. "Usinipeleke kwake, Ingegerd. Nifunge. Tafuta kosa lolote unifunge."

"Chukua kofia, Holger."

Ilikuwa saa ya kahawa katika nyumba ya wazee. Madirisha ya ukumbi wa chakula yalikuwa wazi, mapazia meupe yakivuta pumzi taratibu, na wazee wa Hjortsjö walikuwa wamekaa wanne wanne mezani: mwokaji mikate wa zamani, mwalimu mkuu, wake wa maofisa, mabwana wawili waliowahi kuwa wapiga mizinga. Signe alikuwa na meza yake peke yake. Aliwaona wanaingia, akaweka kijiko chini.

Holger aliinama karibu na sikio lake akasema. Alisema kwa sauti ya chini, maneno yakikatika, na alipofika kwenye mlio wa farasi ikabidi asite apate pumzi. Signe alisikiliza akitazama mikono yake mwenyewe. Mara moja tu alifumba macho. Kwingine watu waliendelea kunywa kahawa, wakiibia macho upande ule.

Alipomaliza, Signe alisogeza kikombe pembeni.

"Kwa hiyo Freja alifika," alisema mwishowe.

"Alifika," alisema Malm.

"Na yeye alikuwa anarudi kazini."

"Alikuwa anarudi," alisema Holger. "Signe, sina haki ya kukuomba..."

"Basi usiombe." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Mimi ulichoniambia nilikijua nusu yake tangu siku ya kwanza. Si mimi niliyehitaji kuambiwa. Simama wima."

"Signe..."

"Wewe si sajini meja? Uwanja mzima ulikuwa unakusikia ukipiga amri, mpaka kwetu jikoni tulikusikia. Simama wima, useme tena, wasikie hawa."

Holger alimtazama Malm, na Malm hakumsaidia. Mzee akanyoosha mgongo. Akavuta pumzi, na kifuani mwake ikatoka ile sauti ya gwaride ambayo mji ulikuwa umeisahau, ikagonga vioo vya madirisha.

"Mimi Holger Tranberg nilimpiga risasi Valter Brodd, nikiwa zamu, nikamzika chini ya banda la farasi, nikawaacha mumwite mtoro. Hakutoroka. Alikuwa anarudi kambini."

Kikombe kiligonga sahani mahali fulani. Holger alibaki amesimama, mikono ubavuni.

Signe hakumtazama tena. Aliwageukia wao. Alianza na meza ya mlangoni, akaenda kwa inayofuata, na inayofuata, akimtazama kila mmoja usoni bila haraka yoyote. Na kila aliyefikiwa na macho yale aliinamisha kichwa.